Jinsi ya kujua mchanganyiko ulionao ni wa aina gani

Muulize mtu aliyesoma kemia ya mwanzo aina za michanganyiko, atakutajia fasta, kuna mchanganyiko sare na kuna usio sare, basi. Shida inaanza ukimwekea glasi mezani. Maziwa anasema ni mmumunyo, yaani kitu kimeyeyuka kabisa ndani ya kingine, kwasababu yanaonekana sawa juu mpaka chini, maji yenye kopa salfeti (chumvi ya shaba) anasita kwasababu ni ya bluu na kichwani kwake mmumunyo lazima uwe hauna rangi, ukimpa damu ndo kabisa anaanza kubahatisha. Tatizo ni kwamba anatumia macho peke yake, na macho kwenye hii mada ni shahidi wa uongo.

Kinachoamua aina ya mchanganyiko ni ukubwa wa chembe zilizosambaa ndani yake. Ukishika hilo mengine yote yanakuja yenyewe, kwanini huu unatulia chini na ule hautulii, kwanini huu unapita kwenye karatasi ya kuchujia na ule unakwama, kwanini huu unaonyesha mwanga wa tochi na ule hauonyeshi. Na ukubwa huo huhitaji hadubini kuujua, glasi mbili tatu, karatasi ya kuchujia, tochi na subira kidogo vinatosha.

Kwanza hakikisha ni mchanganyiko kweli

Kuna watu wanakurupuka kuainisha kitu ambacho hata sio mchanganyiko. Maji safi sio mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni, ni kampaundi, hizo elementi mbili zimeungana kwa uwiano ambao haubadiliki na huwezi kuzitoa kwa kuchuja wala kwa sumaku. Mchanganyiko ni vitu viwili au zaidi vilivyokaa pamoja bila kuungana kikemia, kila kimoja kimebaki na tabia zake, na unaweza kuvichanganya kwa kiasi chochote unachotaka.

Mfano mzuri kuliko yote ni unga wa chuma na salfa. Ukivichanganya tu kwenye karatasi unapata unga wa kijivu njano hivi, pitisha sumaku juu yake chuma chote kinapanda kwenye sumaku na salfa inabaki, hata kama umeweka chuma kingi na salfa kidogo au kinyume chake. Sasa mchanganyiko huohuo ukiupasha moto mkali unaanza kung'aa wekundu wenyewe, hata ukiondoa moto unaendelea, na ukipoa unabaki na bonge jeusi la chuma salfaidi ambalo sumaku haina tena habari nalo. Pale gramu 7 za chuma zinachukua gramu 4 za salfa, na ukizidisha chuma, kile cha ziada kinabaki pembeni hakijaungana na kitu. Hiyo ndo tofauti yenyewe. (Usifanye hii ya moto ndani ya nyumba, salfa ikiungua inatoa gesi inayokaba koo vibaya, iache kwa maabara yenye hewa ya kutosha.)

Kwa vimiminika kuna njia nyingine ambayo watu hawaitumii sana na ni nzuri tu, joto la kuchemka. Maji safi kwenye kanieneo (mgandamizo wa hewa) ya kawaida ya usawa wa bahari yanachemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi na yanabaki hapohapo mpaka tone la mwisho. Maji ya chumvi yanaanza kuchemka juu kidogo ya hapo, alafu kadiri maji yanavyopungua na chumvi inavyozidi kukolea themometa inaendelea kupanda, chumvi ikifika kikomo unakuta karibu nyuzi 108. Kwahiyo ukiona themometa inatambaa wakati kitu kinachemka, huo ni mchanganyiko, hata kama kwa macho ni maji matupu. Hii iweke akilini maana kuna mahali chini tutakuta vipimo vingine vyote vimeshindwa kutofautisha na hiki ndo kinabaki.

Ukubwa wa chembe

Tunapima kwa nanomita, nanomita moja ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Chembe zikiwa chini ya nanomita 1, yaani molekuli au ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) mojamoja, huo ni mmumunyo, wengine wanasema solusheni. Zikiwa kati ya nanomita 1 na 1,000 hiyo ni koloidi. Zikizidi hapo ni suspensheni. Usiichukulie hiyo mipaka kama ukuta, hakuna kitu kinachogeuka ghafla kikifika nanomita 1,001, ila kwa kazi ya kuainisha inatosha sana.

Ile sare na isiyo sare ya darasani inaingia hapa. Mmumunyo ni sare, ukichota juu au chini unapata kitu kilekile. Suspensheni sio sare na unaona. Koloidi ndo inayoleta ugomvi, kwa macho ni sare, chini ya hadubini yenye nguvu sio sare, na ndio maana vitabu vingi vinaiweka upande wa zisizo sare. Kwenye mtihani fuata kitabu chako, lakini wewe elewa kwamba iko katikati.

Aliyeleta jina la koloidi ni Thomas Graham, mkemia wa Uskoti, mwaka 1861. Aliona vitu kama wanga na gundi vinapenya kwenye utando kwa shida sana au havipenyi kabisa, wakati chumvi na sukari zinapita tu.

Vipimo vyenyewe, na ufuate mpangilio

Anza na kuacha itulie. Koroga vizuri, weka glasi mahali ambapo hakuna mtu atakayeitikisa, angalia baada ya dakika kumi, alafu baada ya saa moja, alafu kesho yake. Kikianza kutengana, chini kukawa na tope au juu kukawa na tabaka, una suspensheni au una vimiminika viwili ambavyo havipatani. Hapa wengi wanakosa uvumilivu, wanaangalia dakika mbili wanasema haijatulia. Kasi ya kuzama inategemea ukubwa wa chembe kwa namna ya ajabu kidogo, chembe ikiwa ndogo mara 10 inazama taratibu mara 100, kwahiyo mchanga unafika chini kwa sekunde, udongo laini unaweza kuchukua siku nzima, na chembe za koloidi hazifiki kabisa kwasababu molekuli za maji zinazipiga kutoka kila upande zinabaki zinahangaika humo ndani. Mwendo huo wa kuhangaika unaitwa mwendo wa Brown, wa Robert Brown aliyeuona mwaka 1827 akiwa anaangalia vipande vidogo kutoka kwenye chavua chini ya hadubini.

Kama haijatulia, chuja. Kunja karatasi ya kuchujia mara mbili iwe kama pembe, weka kwenye faneli, ilowanishe kidogo ishike, alafu mimina taratibu bila kuvuka ukingo wa karatasi. Kilichokwama juu ni chembe kubwa, suspensheni. Koloidi na mmumunyo vyote vinapita, kwasababu matundu ya karatasi ya kawaida ni ya mikromita kadhaa, yaani maelfu ya nanomita, kwa koloidi hilo ni geti lililoachwa wazi. Kwahiyo kuchuja kunatenga suspensheni na hao wengine wawili, basi, usikipe kazi zaidi ya hiyo. Na hapa ndo jibu la yule aliyesita kwa kopa salfeti, mimina ule wa bluu kwenye karatasi, utapita wote ukiwa wa bluu vilevile na juu hakibaki kitu. Rangi haihusiani na aina. Kinachohusika ni kama unaweza kuona upande wa pili, bluu unayoona maandishi kupitia kwake inaweza kuwa mmumunyo, nyeupe ambayo huoni kupitia kwake sio mmumunyo.

Kipimo cha tatu ni tochi, na hiki ndo kitamu. Kinatokana na kazi ya John Tyndall, mwanafizikia wa Ailandi wa karne ya 19, na kwa sababu hiyo kinaitwa athari ya Tyndall. Zima taa, funga mapazia, chukua tochi ya simu ufunike kwa karatasi nyeusi yenye tundu dogo la msumari ili mwanga utoke mwembamba. Pitisha mwanga ubavuni mwa glasi, wewe ukiwa umesimama upande, sio unaangalia tochi uso kwa uso. Kama ni mmumunyo, mwanga unapita ndani ya glasi na huuoni njiani, unauona tu ukigonga ukuta wa pili. Kama ni koloidi unaona mstari wa mwanga umekatiza ndani kama ule wa taa za gari kwenye ukungu, na ukungu wenyewe ni koloidi, vitone vya maji ndani ya hewa. Ayoni za chumvi ni ndogo mno kuusumbua mwanga kiasi cha kuonekana, chembe za koloidi zinautawanya kila upande na baadhi unakuja kwenye jicho lako.

Kabla hujatoa hukumu weka pembeni glasi ya maji matupu umulike kwa tochi hiyohiyo, kwasababu maji mengi ya bomba yana vijichembe na yanaweza kuonyesha mstari hafifu, unachotafuta ni tofauti. Kama mchanganyiko ni mzito sana kama maziwa, mwanga hauingii kabisa, weka matone matatu manne ya maziwa kwenye glasi ya maji alafu ndo umulike. Ukitumia leza ndogo mstari unakuwa mzuri zaidi, lakini usimmulike mtu machoni na kuwa makini na mwanga unaoruka kutoka kwenye glasi.

Hayo matone ya maziwa yana kingine cha kuangalia. Ukitazama glasi kwa ubavu inaonekana na ubluu fulani, ukizunguka ukatazama mwanga unaotoka upande wa pili ni wa njano kuelekea chungwa. Mwanga wa bluu unatawanywa zaidi kuliko mwekundu, ndo maana. Baada ya kuona hivyo hakuna tena atakayekushawishi maziwa ni mmumunyo.

Jaribio la wanga, lifanye kweli

Chukua kijiko cha wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini kabisa, weka kwenye glasi ya maji baridi ukoroge. Inakuwa nyeupe kama maziwa. Iache. Baada ya muda juu panaanza kuwa na maji na chini kuna tabaka jeupe limejikusanya, ukiligusa na kijiko ni gumu kiajabu, ukilichuja linakwama. Suspensheni, hamna mjadala, punje za wanga mbichi ni maelfu ya nanomita.

Sasa koroga tena, mimina kidogo kwenye sufuria uweke kwenye moto mdogo huku unakoroga. Ikipita nyuzi 60 na kitu utaona ule weupe unafifia, inaanza kuwa nzito na kama kioo chenye ukungu. Punje zimevimba zikapasuka na molekuli ndefu za wanga zimetoka nje. Chota kijiko kimoja cha huo uji, yeyusha kwenye glasi ya maji ya moto, acha ipoe alafu mulika. Mstari wa mwanga huo hapo, na kwa kiasi kikubwa inapita kwenye karatasi. Kitu kilekile, maji yaleyale, umebadilisha ukubwa wa chembe tu na aina ya mchanganyiko imebadilika. Kwahiyo mtu akikuuliza "wanga na maji ni mchanganyiko wa aina gani", swali lake halijakamilika, muulize mbichi au uliopikwa.

Mmumunyo kwa kirefu kidogo

Kwenye mmumunyo kuna kinachoyeyuka na kinachoyeyusha, kwa kawaida kilicho kingi ndo tunasema kinayeyusha. Watu wanadhani lazima uwe kigumu ndani ya kimiminika, sivyo. Hewa kavu ni mmumunyo wa gesi, naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, agoni chini kidogo ya 1 na vingine kidogokidogo. Shaba nyeupe, wanayoita pia brasi, ni mmumunyo wa zinki ndani ya shaba, vyote vigumu. Dhahabu ya karati 18 ni dhahabu asilimia 75 na iliyobaki ni metali nyingine kama fedha na shaba. Siki ni asidi asetiki ndani ya maji. Soda ina gesi ya kaboni dayoksaidi ndani ya maji, ukifungua kifuniko kanieneo inashuka na gesi inatoka.

Kila kitu kina kikomo chake cha kuyeyuka. Kwenye gramu 100 za maji ya nyuzi 20 chumvi ya mezani inayeyuka kama gramu 36 tu, sukari inafika kama gramu 200, yaani mara mbili ya uzito wa maji yenyewe. Ukipita kikomo, cha ziada kinakaa chini, na hapa mtu anaangalia tope chini anasema hii ni suspensheni. Hapana, juu una mmumunyo uliojaa na chini una chumvi ambayo haijayeyuka, mimina ule wa juu peke yake ndo uupime. Joto linasaidia sana kwa sukari, kwa chumvi halisaidii karibu chochote, hata kwenye maji yanayochemka unaongeza gramu chache tu. Kwa gesi ni kinyume, maji yakipata joto gesi inatoka, vile viputo vidogo vinavyoganda kwenye kuta za sufuria kabla maji hayajachemka ni hewa iliyokuwa imeyeyuka.

Ukitengeneza mmumunyo wa asilimia kwa uzito angalia hesabu. Asilimia 10 ya chumvi ni gramu 10 za chumvi na gramu 90 za maji, jumla 100. Ukiweka gramu 10 kwenye gramu 100 za maji jumla ni 110 na umepata asilimia 9.1. Na usijumlishe ujazo ukadhani ni sawa na uzito, mililita 50 za maji na mililita 50 za ethanoli zikichanganywa hazifiki 100, zinakuja kama 96 au 97, kwasababu molekuli zinajipanga vizuri zaidi zikiwa pamoja. Uzito wenyewe haupotei hata chembe.

Sasa ile niliyosema uiweke akilini. Mmumunyo wa chumvi na maji safi vyote havitulii, vyote vinapita kwenye karatasi, vyote havionyeshi mwanga. Vipimo vitatu vimeisha na hujui ipi ni ipi. Hapo ndo unarudi kwenye kuchemka, au weka matone machache ya kila kimoja kwenye kioo yakauke, kitakachoacha doa jeupe kilikuwa na kitu ndani. Kama kilichoyeyuka nacho kinavukizwa, mfano spiriti, doa halitakuwepo na kuchemka ndo kunaamua. Usionje. Kwenye kemia hakuna kuonja.

Koloidi na familia yake

Koloidi zina majina mengi kutegemea nini kimesambaa ndani ya nini. Kigumu ndani ya gesi ni moshi. Kimiminika ndani ya gesi ni ukungu. Gesi ndani ya kimiminika ni povu, gesi ndani ya kigumu ni kama sponji au jiwe la volkano lile jepesi linaloelea. Kimiminika ndani ya kimiminika ni emulsheni, na hii ndo utakutana nayo kila siku.

Mafuta na maji kwenye chupa, tikisa, vitone vinasambaa, weka mezani, ndani ya dakika mafuta yako juu. Ongeza matone ya sabuni ya maji utikise tena, sasa weupe unabaki muda mrefu. Molekuli ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, inakizunguka kila kitone cha mafuta na kukizuia kisiungane na mwenzake. Kwenye mayonezi kazi hiyohiyo inafanywa na kiini cha yai. Kuna emulsheni ambapo mafuta yako ndani ya maji, maziwa ni hivyo, na kuna ambapo maji yako ndani ya mafuta, siagi ni hivyo. Ukitaka kujua krimu uliyonayo ni ipi dondoshea kidogo kwenye maji baridi ukoroge polepole, ikisambaa yenyewe maji ndo ya nje, ikibaki kidonge inaelea mafuta ndo ya nje.

Kitu kingine kinachozifanya koloidi zisitulie ni chaji ya umeme. Chembe za udongo laini sana zina chaji hasi, zinasukumana, hazikusanyiki. Ukiondoa huo msukumano zinashikana, zinakuwa mabonge, zinazama. Ndio kazi ya shabu kwenye maji machafu, ayoni zake za alumini zina chaji chanya kubwa, zinapoza zile hasi na tope linashuka.

Hili unaweza kuliona mwenyewe na linafunga mjadala mzima. Koroga udongo wa mfinyanzi kwenye chupa ya maji, acha usiku mzima. Asubuhi chini kuna tope, hiyo ilikuwa suspensheni. Juu maji bado yana uchafu wa rangi na tochi inaonyesha mstari, hiyo ni koloidi. Mimina hayo ya juu kwenye glasi nyingine, weka shabu ya unga kidogo sana, koroga taratibu, subiri, utaona vinyuzinyuzi vinajikusanya na kushuka, na juu maji yanakuwa meupe, sio weupe wa maziwa, ni ya kuona upande wa pili. Chukua hayo meupe ukaushe kwenye kioo, unapata alama nyeupe, chumvichumvi zilizoyeyuka na mabaki ya shabu, mmumunyo. Chupa moja, aina tatu. Kwahiyo kwa vitu vingi halisi swali sio "hii ni ipi kati ya tatu", ni "zipo zipi humu". Damu ni hivyohivyo, seli zake ni suspensheni, ikizungushwa kwenye mashine zinashuka chini karibu asilimia 45 ya ujazo, protini za plazima (ile sehemu ya majimaji ya damu) ni koloidi, na chumvi na glukosi zimeyeyuka. (Yale maji ya shabu usinywe eti yamekuwa meupe, kuwa meupe sio kuwa salama, vijidudu havionekani.)

Kutenganisha

Ukishajua aina, njia ya kutenganisha inajichagua. Suspensheni acha itulie au chuja. Vimiminika visivyopatana tumia faneli yenye koki, fungua cha chini kitoke, funga mstari ukifika kwenye koki. Mmumunyo wa kigumu, kausha kama unataka kigumu, na kama unataka kimiminika pia basi vukiza na upooze mvuke, hiyo ni distilesheni. Kwa vimiminika vilivyoyeyukana unategemea tofauti ya kuchemka, ethanoli nyuzi 78 na maji 100, ila usitegemee kupata ethanoli safi kabisa, ikifika kama asilimia 95.6 kwa uzito mvuke na kimiminika vinakuwa na uwiano uleule na distilesheni ya kawaida inagoma.

Mchanganyiko wa vitu vingi unahitaji kupanga. Una mchanga, chumvi na unga wa chuma pamoja. Anza na sumaku wakati kila kitu bado ni kikavu, na ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ukivuta mfuko unga unaanguka, bila hivyo utakesha unaukwangua kwenye sumaku. Alafu weka maji ya uvuguvugu, koroga, chuja, mchanga unabaki juu. Mwagia huo mchanga maji kidogo tena maana una chumvi imejificha ndani yake. Maji yaliyochujika yakaushe kwa moto mdogo, ukiona yamebaki kidogo zima na uache yamalizike yenyewe, ukikaushia kwenye moto mkali chumvi inaruka machoni. Ukianza na maji kabla ya sumaku chuma kinalowana, kinashika kutu na kinagandana na mchanga.

Wino ndo unahitaji kromatografia, njia iliyoanzishwa na mtaalamu wa mimea wa Urusi Mikhail Tsvet mwanzoni mwa karne ya 20 akitenganisha rangi za majani. Kata karatasi ya kuchujia iwe ukanda, chora mstari kwa penseli sentimita 2 kutoka chini, penseli sio kalamu kwasababu ile nyeusi ya ndani ya penseli haiyeyuki. Weka nukta ndogo ya kalamu ya rangi, nyeusi inafaa zaidi, ikauke, rudia nukta palepale. Ning'iniza ukanda kwenye glasi yenye maji ya sentimita 1, nukta ikae juu ya maji, ikizama rangi inamwagika humo na kazi imeisha. Maji yanapanda yanabeba rangi, ile inayopenda maji zaidi inakwenda mbali, inayoishikilia karatasi inabaki nyuma, na weusi unafunguka kuwa bluu, zambarau, njano, inategemea kalamu. Toa kabla maji hayajafika juu kabisa. Nukta ikigoma kusogea, huo wino hauyeyuki kwenye maji, rudia kwa spiriti mbali na moto. Na ikipanda yote kwa pamoja bila kugawanyika, wino una rangi moja tu au kimiminika ulichotumia kimeshindwa kuzitenganisha, kwahiyo badilisha kimiminika kwanza kabla hujaandika jibu.